Uzi: Ibada isiingie kwenye GPA (alama, krediti na mambo ya ofisi ya msajili katika chuo kikuu cha Kikristo)

#1 Karani_Mstaafu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimefanya kazi ofisi ya msajili wa chuo kikuu kimoja cha Kikristo mpaka nikastaafu. Jina la chuo nalihifadhi, msiniulize. Kazi yangu ilikuwa kupokea alama za wahadhiri, kuziingiza, kuzihakiki, kuchapa hati za matokeo na kuwasikiliza waliokuja dirishani na machozi. Miaka yote hiyo kuna jambo moja nililigongea muhuri bila kuliamini: alama ya ibada kuhesabiwa ndani ya GPA, yaani wastani wa alama za mwanafunzi.

Twende kwa hesabu, maana wengi hubishana juu ya jambo hili bila kushika kalamu. Chukua mfumo wa pointi 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, na kila moja huzidishwa kwa krediti, yaani uzito wa kozi. Mwanafunzi ana kozi tatu. Ya krediti 3 kapata A, ya krediti 4 kapata B, ya krediti 2 kapata D. Pointi zake ni 12, 12 na 2, jumla 26. Gawanya kwa krediti 9, unapata 2.89. Sasa mwongezee ibada ya krediti 1, ambayo kila aliyehudhuria hupewa A. Jumla inakuwa 30, krediti 10, GPA 3.00 kamili. Kama ufadhili wake unadai 3.00, ameupata. Ile D bado ipo palepale. Alichoongeza ni kukaa kwenye benchi na kutia sahihi.

Mgeuze. Mwenzake ana A, B na C kwenye kozi hizohizo: pointi 28 kwa krediti 9, yaani 3.11. Huyu alikuwa na sababu zake, ibada hakuhudhuria vya kutosha, akapewa F ya krediti 1. Pointi zinabaki 28, krediti zinakuwa 10. Ameshuka hadi 2.80. Mwajiri atakayeisoma hati hiyo ataamini kwamba wa kwanza anajua somo kuliko wa pili. Ni uongo, na mimi ndiye niliyeuchapa kwenye karatasi yenye nembo ya msalaba.

Jambo lenyewe ni la zamani. Chuo cha Harvard cha Marekani, ambacho kilianzishwa 1636 kwa nia ya kuandaa wachungaji pamoja na wengine, kiliwahi kuwa na kipimo kimoja cha darasa na mwenendo. Enzi za rais Josiah Quincy, kati ya 1829 na 1845, mwanafunzi alipata pointi kwa kujibu darasani na kukatwa pointi kwa utovu wa nidhamu, kukosa sala kukiwemo. Baadaye mwenendo ukatenganishwa na masomo, na sala ya lazima yenyewe ikaondolewa 1886. Sisemi vyuo vyetu viondoe ibada. Nasema viiondoe kwenye kikokotoo.

Naomba maoni. Matusi peleka kwingine.

#2 Mkaa_Nyuma

Kwa hiyo mzee baada ya kustaafu ndiyo umegundua kusali ni kupoteza muda?

#3 Karani_Mstaafu

Rudia kusoma, mwanangu. Taratibu.

#4 Mchungaji_wa_Vijana

Mzee wangu shikamoo. Naheshimu uzoefu wako ila hapa napishana nawe. Chuo cha Kikristo hakipo kwa ajili ya kujaza vichwa tu. Kinadai kumlea mtu mzima mzima, akili na roho. Sasa ukitoa krediti kwa takwimu na kwa historia, halafu ibada ukaiacha bila chochote, umemwambia kijana kwamba hilo ndilo lisilo na maana. Vijana ninawafahamu. Kitu kisicho na alama wanakilalia. Mimi ningependa iwe krediti 2 kabisa.

Halafu hiyo hoja ya mwajiri sijaielewa. Mwajiri anayeajiri mhitimu wa chuo cha Kikristo anajua anachokipata.

#5 Karani_Mstaafu

Marahaba mchungaji. Hoja yako nimeisikia vikaoni mara nyingi na siidharau.

Ila hujasoma nilichopendekeza kwa sababu bado sijakipendekeza, kosa langu. Ni hivi: ibada iwe sharti la kuhitimu. Iandikwe kwenye hati kwa P, yaani amekidhi, au iachwe wazi mpaka akidhi. Asiyekidhi haendi mahafali. Hilo lina nguvu kuliko pointi 4 zako, kwa sababu F ya ibada mwanafunzi mwenye A tano huimeza bila kukohoa, lakini sharti la kuhitimu hakuna A inayolilipia.

Na nikwambie kilichonitoa imani na alama ya mahudhurio. Niliwahi kuletewa karatasi ya ibada yenye sahihi nyingi kuliko viti vya ukumbi. Nikaita kiongozi wa wanafunzi, akacheka, akasema "wengine walisimama". Hakuna aliyesimama. Walikuwa wametiana sahihi, na tulikuwa tumewafundisha kughushi ndani ya nyumba ya Mungu, kwa krediti.

#6 Mkaa_Nyuma

Hiyo ya "wengine walisimama" nimeinunua.

#7 Mwalimu_Waraka

Nafundisha Agano Jipya kwenye chuo cha namna hiyohiyo. Niseme upande wa darasani, maana alama ya ibada ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni alama ya kozi ya Biblia yenyewe. Nasahihisha nini pale? Imani ya mtu au kazi yake?

Mfano. Kila mwaka nauliza: nani aliandika Waraka kwa Waebrania? Wapo waliolelewa makanisani wakiambiwa ni Paulo, mwisho wa habari. Wapo waliosoma mahali kwamba si Paulo, nao mwisho wa habari. Wote wawili wakiishia hapo napunguza alama zilezile. Ninachotaka kuona ni kazi. Waraka wenyewe hautaji jina la mwandishi, tofauti na nyaraka za Paulo zinazoanza na jina lake. Sura ya 2 mstari wa 3 mwandishi anajiweka miongoni mwa waliopokea habari kutoka kwa walioisikia kwa Bwana, wakati Paulo kwa Wagalatia anasisitiza kwamba hakuipokea injili kwa mwanadamu. Upande wa pili, Timotheo anatajwa mwishoni, na kanisa la Mashariki lilimhesabia Paulo tangu mapema. Tena Origen, mwanateolojia wa karne ya 3, aliona mawazo ni ya mtume ila uandishi si wake, akasema nani hasa aliandika Mungu ndiye ajuaye. Ukishika ushahidi huo, ukaupima, ukafika kwa Paulo, nakupa A. Ukafika kwingine, nakupa A. Ukiniandikia ushuhuda wa jinsi waraka ulivyokubariki, nitafurahi nawe, na nitakupa C.

Wapo wenzangu wanaonilaumu kwamba naua roho. Siui kitu. Nasahihisha.

#8 Binti_Mwaka_wa_Tatu

Mwalimu Waraka laiti ungekuwa wewe unayenifundisha.

Mimi yamenikuta. Kozi ya Maadili ya Kikristo, nilitegemea A, nimepewa B yenye kasoro. Mhadhiri ni wa dhehebu tofauti na langu na niliandika insha iliyopingana naye kuhusu ubatizo wa watoto wachanga. Nina uhakika amenikomoa. Kwa wastani wangu hiyo ndiyo imenitoa kwenye heshima za juu kwa chembe. Karani, nikate rufaa kwa nani? Mkuu wa chuo?

#9 Karani_Mstaafu

Dada, pole. Usimwandikie mkuu wa chuo. Barua inayoanzia juu hurudishwa chini ikiwa imechoka, na tarehe ya mwisho imeshapita.

Anza na silabasi. Ile uliyopewa wiki ya kwanza ukaitupa kwenye begi ndiyo mkataba. Angalia insha ilikuwa asilimia ngapi, majaribio asilimia ngapi, mtihani asilimia ngapi. Kisha kusanya kila kazi uliyorudishiwa, ukokotoe mwenyewe. Ukishapata namba yako, mwombe mhadhiri akuoneshe namba yake. Omba kuona, usiende kushtaki. Hapo ndipo kesi nyingi huishia, kwa upande huu au ule. Msipoelewana, mkuu wa idara kwa maandishi, kisha dekani au kamati ya rufaa, ndani ya siku zilizotajwa kwenye kitabu cha mwanafunzi. Vyuo vinatofautiana siku hizo, soma cha kwenu leo, usisubiri kesho.

Rufaa husikilizwa kwa mambo machache: hesabu imekosewa, kanuni iliyoandikwa haikufuatwa, au umepimwa kwa kipimo tofauti na wenzako na una cha kuonesha. "Nilijitahidi sana" haimo. "Nahitaji ufadhili" haimo. "Dhehebu langu" inaweza kuwemo, lakini lete insha yenyewe na vigezo vya usahihishaji, ioneshe mstari ambao alama ilikatwa kwa msimamo na si kwa hoja.

#10 Mwalimu_Waraka

Naongeza: binti, isome insha yako tena kabla ya kwenda. Uisome kama adui.

#11 Mhamiaji_wa_Masomo

Wakuu nimechelewa kwenye uzi lakini nina la kwangu. Nina diploma ya chuo cha Biblia, miaka mitatu, na nimelitumikia kanisa miaka kumi na mitano. Nimeomba shahada kwenye chuo kikuu cha Kikristo wakanipa krediti chache mno, za utumishi hawakunipa hata moja. Tena ni ndugu zetu katika imani! Hivi krediti ni kitu gani hasa, nani aliianzisha, na kwa nini ya kwangu haihesabiki?

#12 Karani_Mstaafu

Mchungaji (nakuita hivyo kwa miaka yako kumi na mitano), hapo umegusa mahali ninapopapenda. Kaa chini.

Krediti haikuzaliwa kwa sababu ya elimu. Ilizaliwa kwa sababu ya pensheni. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kuwalipa pensheni maprofesa wa Marekani. Waliosimamia fedha hizo walihitaji kujua taasisi ipi ni chuo na ipi ni sekondari iliyojivika jina, wakaweka kipimo cha saa za masomo ambacho mwanafunzi lazima awe nacho kabla ya kuingia. Ndicho kilichoitwa kipimo cha Carnegie, takriban saa 120 za darasa kwa somo moja la sekondari. Vyuo navyo vikaanza kuhesabu saa zao kwa namna hiyo. Na sikia hili ambalo vyuo vya Kikristo vingi vimelisahau: vyuo vilivyofungwa na dhehebu havikustahili fedha hizo. Baadhi vililegeza au vilikata kamba na makanisa yao ili maprofesa wao wapate pensheni. Kwa hiyo chuo cha kanisa kinapojivunia krediti zake, kinajivunia kipimo ambacho mwanzoni kilikiacha mlangoni.

Leo, kwa kanuni za serikali kuu ya Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasa kwa wiki na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kwa majuma kama 15. Kozi ya krediti 3 ni kama saa 45 za kumsikiliza mwalimu na 90 za kusoma mwenyewe. Wanafunzi hukumbuka zile 45 tu. Ulaya wana ECTS, mfumo wao wa krediti, iliyoanza 1989 pamoja na mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi: mwaka mzima ni krediti 60, na moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, darasani na nje. Uingereza mwaka ni krediti 120, kila moja saa 10. Ndiyo maana 120 za Uingereza huhesabiwa 60 za Ulaya, na kwa kawaida 30 za Marekani. Mtu anakuja dirishani na krediti 60 za Ulaya akidhani amemaliza nusu ya shahada ya Kimarekani, ambayo kwa kawaida ni krediti 120, kumbe kamaliza robo. Nimeona watu wakilia kwa hesabu hiyo. Hata ndani ya Marekani penyewe, chuo chenye mihula ya robo mwaka krediti zake 180 ni 120 za chuo cha semista.

Sasa kesi yako. Chuo kinapopokea krediti kinauliza maswali manne, na hakuna linalohusu wokovu wako. Kwanza, chuo ulikotoka kina ithibati, yaani kimekaguliwa na kutambuliwa ubora wake, na ya nani? Vyuo vya Biblia vingi vina kibali cha kanisa lao tu. Kibali cha kanisa ni baraka, lakini hakuna mtu wa nje aliyekuja kuhesabu vitabu vya maktaba na sifa za walimu. Pili, kozi inalingana na ipi ya kwetu? Hapo wanataka silabasi, jina la kozi halitoshi. Tatu, ulipata nini? Mara nyingi C ndiyo sakafu, D haivuki mpaka. Nne, krediti ngapi lazima usome kwetu ili tukupe cheti chetu? Marekani vyuo vingi hudai angalau robo ya shahada.

Kumbuka pia kwamba katika vyuo vingi krediti huhama bila herufi. A zako za chuo cha Biblia zitakuondolea kozi, hazitaingia kwenye GPA mpya. Utaanza na sifuri safi. Kwa wengine hiyo ni habari njema.

#13 Mhamiaji_wa_Masomo

Ahsante mzee, nimeelewa zaidi ya nilivyoelezwa kule ofisini. Ila ile miaka kumi na mitano? Nimezika, nimefungisha ndoa, nimehubiri kila Jumapili. Kijana wa miaka ishirini atakaa darasani kusoma "Utangulizi wa Uchungaji" apate krediti 3, mimi nisipate?

#14 Mwalimu_Waraka

Mchungaji, nijibu mimi hili kwa sababu nimekaa kwenye jopo la kutathmini. Krediti haitolewi kwa miaka. Inatolewa kwa ulichojifunza ndani ya miaka hiyo, ukiweza kukionesha. Kuna aliyehubiri miaka kumi na mitano na kuna aliyehubiri mwaka mmoja mara kumi na tano. Samahani kwa ukali.

Uliza chuo kama kina utaratibu wa kutambua mafunzo ya awali. Utaombwa jalada: mahubiri uliyoandika, kesi za ushauri (majina yamefutwa, tafadhali), bajeti uliyosimamia, na juu ya hayo insha inayofungamanisha kila kitu na malengo ya kozi husika. Wengine hukupa mtihani wa changamoto: ukifaulu, kozi imekwisha. Kwa masomo ya jumla, Marekani ina mitihani ya CLEP tangu 1967 kwa ajili ya watu kama wewe, waliojifunza nje ya darasa. Kama chuo chako hakina hata kimoja kati ya hivyo, basi kaa na yule kijana wa miaka ishirini. Atakuhitaji.

#15 Mama_wa_Watatu

Hamjambo. Mimi si msomi, ni mzazi. Mwanangu aliugua katikati ya muhula. Kwenye matokeo kuna W mbili, I moja na F moja. Chuo cha Kikristo kabisa! Kaka zangu naomba mnifafanulie hizi herufi na mniambie huruma iko wapi.

#16 Karani_Mstaafu

Mama, pole na uuguzi. Natumaini kijana amesimama.

W ina maana alijiondoa kwenye kozi ndani ya muda ulioruhusiwa. Haina pointi, haigusi GPA, inaonekana tu. Wazazi huiogopa bure. I ni kozi haijakamilika: kazi kubwa amefanya, imebaki kidogo, na sababu ni ya kweli. Hii ndiyo ya kuogopwa kwa sababu ina tarehe. Tarehe ikipita, mfumo unaigeuza F wenyewe usiku, bila kumwita mtu. Nahisi ile F yake ndivyo ilivyozaliwa. Muulize kama palikuwa na I nyingine muhula uliotangulia.

Huruma, mama, ipo, lakini iwekwe kwenye tarehe na si kwenye herufi. Chuo kinaweza kumsogezea tarehe, kumruhusu ajiondoe kwa sababu za kitabibu hata muda ukiwa umepita, kumpa sapu (mtihani wa nyongeza), kumruhusu arudie. Aende na barua ya daktari, na aende yeye mwenyewe, wewe ukae nje. Kisichofaa ni mhadhiri mwenye roho nzuri kumwandikia C ya kazi ambayo hakuifanya. Hiyo C itamfuata kwenye kozi inayofuata, ambako hakuna anayejua alikuwa mgonjwa.

Kurudia nako kuna siri. Kozi ya krediti 3 alipata F, akarudia akapata B. Chuo kinachofuta ya kwanza kwenye hesabu kitagawa pointi 9 kwa krediti 3: 3.00. Chuo kinachohesabu zote mbili kitagawa 9 kwa 6: 1.50. Kozi ileile, mtoto yuleyule. Kwa kawaida herufi ya zamani haifutiki kwenye hati hata pale isipohesabiwa. Soma kitabu cha chuo kabla ya kulipia marudio.

#17 Mama_wa_Watatu

Ilikuwepo I. Muhula wa nyuma. Ahsante kaka, naandika barua sasa hivi.

#18 Karani_Mstaafu

Aandike yeye, mama.

#19 Mchungaji_wa_Vijana

Nimekaa na uzi huu siku kadhaa. Kwenye ibada mzee umenisogeza kidogo, ingawa sijakubali kwamba P inatosha. Lakini hilo la "C ya roho nzuri" limenichoma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwa wahadhiri kuwaombea vijana wangu. Mwana wa mzee wa kanisa, binti wa mwimbaji wa kwaya. Nilijiona mwombezi.

#20 Mwalimu_Waraka

Mchungaji, nimewapokea wa aina yako wengi. Wanakuja na Biblia mkononi na tabasamu. Shida si wewe kuja, shida ni kwamba wasio na mchungaji hawana wa kuwaombea, kwa hiyo darasa linagawanyika kati ya wenye jamaa na wasio nao. Na wahitimu wetu wengi ni walimu na wauguzi. Muuguzi aliyesogezwa mbele kwenye kozi ya dozi kwa sababu baba yake anahubiri vizuri, mgonjwa wake hatajua kuhusu mahubiri hayo.

Alama nazo zimevimba kila mahali, si kwetu tu. Mount Holyoke, chuo cha wanawake chenye mizizi ya kikanisa, mwaka 1897 kilipotumia herufi, A ilianzia 95, na ukipata chini ya 75 umefeli. Chuo cha Yale mwaka 1785, rais wake Ezra Stiles, naye mchungaji kama wewe, aliwapima wanafunzi 58 akawagawa makundi manne. Wa kundi la juu walikuwa 20, wa kundi la chini 10, na jina alilowapa hao wa chini kwa Kilatini maana yake ni "wabaya zaidi". Siku hizi ukimwita mwanafunzi hivyo utaitwa ofisini. Sina hamu ya kurudi huko, lakini yule mzee alipoandika jina kwenye kundi, kundi lilikuwa na maana.

#21 Mkaa_Nyuma

Swali la kweli safari hii. Nilihubiri kanisani hubiri nililolikuta kwenye intaneti, watu wakaokoka. Nikalikabidhi lilelile kwenye kozi ya Mahubiri, nimepewa sifuri na kuitwa kamati ya nidhamu. Kanisani baraka, darasani wizi?

#22 Mwalimu_Waraka

Ndiyo. Na kanisani pia, ila kule hawakukuuliza.

#23 Karani_Mstaafu

Mkaa Nyuma, ukiitwa kamatini kiri mapema. Kamati nyingi hutofautisha kosa la kwanza lililokiriwa na lile la kuburuzwa. Sifuri ya kazi moja unaweza kuifidia. F ya kozi kwa udanganyifu, vyuo vingine havikuruhusu kuifuta hata ukirudia.

#24 Binti_Mwaka_wa_Tatu

Nimerudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nilifanya kama alivyosema Karani. Nilikokotoa mwenyewe, namba ikanitoka 84. Ya kwenye mfumo ilikuwa 79. Nikaenda kwa mhadhiri nimekunja uso kabisa, na hoja zangu za ubatizo nimezichapa kurasa sita. Akafungua daftari lake, tukaanza kusoma mstari kwa mstari. Jaribio la pili nilipata 18, limeingizwa 8. Kidole tu. Aliona aibu kuliko mimi, akajaza fomu ya marekebisho palepale.

Halafu nikamuuliza insha. Alinipa alama ya juu kuliko zote darasani. Pembeni alikuwa ameandika "sikubaliani hata kidogo, endelea". Mimi nilikuwa sijaifungua insha yenyewe tangu irudishwe, niliangalia herufi ya mwisho kwenye mfumo nikajijazia mengine.

Sasa ni B kamili. A hapana. Heshima za juu bado nimezikosa, kwa chembe zaidi ya nilivyodhani.

#25 Mkaa_Nyuma

Na zile kurasa sita za ubatizo?

#26 Binti_Mwaka_wa_Tatu

Aliziomba. Amesema atazijibu.